Chuo cha Kikristo na Kipaza Sauti: Tunamwandaa Mtangazaji wa Namna Gani?



Wapendwa wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi huanza kuhangaika juu ya vyuo. Miongoni mwa vijana wanaofika ofisi ya parokia kuomba barua ya utambulisho, wapo wanaotaka kusomea utangazaji wa redio na televisheni, na mara nyingi huongeza kwamba wanataka chuo cha Kanisa. Mzazi naye huridhika, akiamini kuwa mwanawe atakuwa mahali salama. Leo napenda tujiulize swali ambalo huwa tunalipita haraka: chuo cha Kikristo kina wajibu gani wa pekee kwa kijana anayesomea utangazaji? Je, tofauti yake na vyuo vingine ni Misa ya Jumapili na sala kabla ya masomo tu?

Jibu langu nalitoa mapema ili tusipotezane njiani. Chuo cha Kikristo hakikuwekwa kwanza kwa ajili ya kutoa wahubiri wa redioni. Kimewekwa kutoa mtangazaji anayeijua kazi yake barabara, na ambaye dhamiri yake haimruhusu kusema uongo mbele ya kipaza sauti, awe katika redio ya jimbo au katika redio ya mfanyabiashara. Kikishindwa hilo, hata kiwe na kikanisa kizuri namna gani, kimeshindwa kazi yake.

Kanisa halikuingia katika jambo hili jana. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pio XI alizindua Redio Vatikani, iliyojengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe, mmoja wa mababa wa mawasiliano ya redio. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati ya Inter Mirifica juu ya vyombo vya upashanaji habari. Hati hiyo inataka ziwepo shule na taasisi za kutosha ambamo waandishi wa habari na wale wa redio, filamu na televisheni watapata malezi kamili yaliyojaa roho ya Kikristo. Inafundisha pia kwamba jamii ina haki ya kupata habari, na kwamba habari hiyo lazima iwe ya kweli, na iwe kamili kadiri haki na upendo vinavyoruhusu.

Sisi Tanzania tunayo sababu ya kujivunia. Miaka mitatu kabla ya hati hiyo, yaani mwaka 1960, Askofu Joseph Blomjous wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha taasisi ya mafunzo ya jamii pale Nyegezi, Mwanza. Uandishi wa habari ukawa miongoni mwa mafunzo yaliyoipatia jina. Mwaka 1998 taasisi hiyo ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania, chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki. Wakati huohuo anga lilikuwa limekwisha kufunguka: Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio na televisheni zisizo za serikali, na katika miaka ya 1990 tukaanza kuzisikia Redio Tumaini ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Radio Maria. Masafa yakaongezeka, na mahitaji ya watangazaji yakaongezeka pamoja nayo.

Sasa, anayesomea kazi hii husoma nini hasa? Hujifunza kuandika kwa ajili ya sikio, kwa sentensi fupi, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji wa gazeti. Hujifunza kupumua, kutamka na kuitunza sauti, kurekodi mahojiano na kuyahariri bila kupotosha maana ya aliyehojiwa. Hujifunza kamera na mwanga, mitambo ya studio, na kuheshimu sekunde, maana redio ikinyamaza ghafla msikilizaji huhama. Hujifunza sheria za habari, na namna ya kuhakiki jambo kwa zaidi ya mtu mmoja kabla ya kulitangaza. Haya yote ni mazuri na ya lazima. Utakatifu haufidii uzembe. Mtangazaji mchamungu anayesoma taarifa bila kuihakiki anaweza kumchafua jirani yake sawasawa na mwongo.

Lakini ustadi peke yake hautoshi, na ushahidi wa jambo hili hauko mbali nasi. Mwezi Julai 1993, katika nchi jirani ya Rwanda, redio iitwayo RTLM ilianza kurusha matangazo. Kiufundi haikuwa redio ya kuchosha. Watangazaji wake walikuwa wachangamfu, walizungumza lugha ya mitaani, walitaniana na kupiga muziki uliopendwa na vijana. Kwa mvuto huohuo walipanda chuki, na mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994 redio hiyo ilichochea mauaji na hata kutaja majina ya watu waliowindwa. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi.

Kesi ya vyombo hivyo vya habari ilisikilizwa hapa kwetu, Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Mmoja wa waanzilishi wa RTLM, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria aliyewahi kufundisha chuo kikuu. Mwezi Desemba 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilikipunguza kuwa miaka 30. Elimu hakuikosa. Wala wengi wa watu wa nchi ile hawakukosa ubatizo. Na mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watoto wake katika janga lile. Mtume Yakobo anatuonya kwamba ulimi ni kama moto mdogo unaoweza kuteketeza msitu mkubwa. Wahenga wetu nao walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtangazaji akijikwaa ulimi, hujikwaa mbele ya maelfu.

Kwa upande mwingine, angalieni kilichofanyika Ngara, mkoani Kagera. Mwaka 1995, wakati wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi walipokuwa wamefurika huko, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini. Kipaza sauti kilekile, karibu na mpaka uleule, kikatumika kuwahudumia watu waliokuwa wamesikia redio ikiwaita wenzao mende. Chombo ni kimoja. Tofauti imo katika dhamiri ya anayekishika na ya anayekimiliki.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba katika chuo cha Kikristo somo la maadili lisiwe kipindi cha nyongeza cha Ijumaa mchana, kinachofaulishwa kwa kukariri kanuni. Liingie studio pamoja na mwanafunzi. Mwalimu azungumze naye wazi kuhusu bahasha anazopewa mwandishi baada ya mkutano ili habari itoke vizuri. Amwulize atafanya nini siku mwenye redio atakapomtaka asome tangazo la dawa inayodaiwa kutibu kila ugonjwa, huku akijua kuna mgonjwa atakayeacha matibabu ya hospitali kwa kuiamini sauti yake. Amwulize atasema nini siku atakapotumiwa sauti ya kiongozi ambayo huenda imetengenezwa na kompyuta kwa akili mnemba, na wenzake wote wamekwisha kuirusha. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Kwa mtangazaji amri hiyo ni kazi ya kila saa.

Najua wapo waamini wanaouliza: kuna faida gani kumsomesha kijana katika chuo cha Kanisa, kisha aende kupiga muziki wa dunia katika redio ya biashara? Swali hili lina uzito, kwani Kanisa limetumia mali na watu kuvijenga vyuo hivi. Hata hivyo Bwana wetu aliufananisha ufalme wa Mungu na chachu, na chachu haifanyi kazi ikibaki koponi. Mkristo anayekataa kuchochea ukabila katika kipindi cha asubuhi chenye wasikilizaji wengi anatangaza Injili, hata kama siku nzima hakulitaja jina la Yesu hewani. Tukiwataka wote warudi katika redio zetu, tutakuwa tumeziacha studio nyingine zote bila chachu.

Ila tusijifiche nyuma ya hoja hiyo. Baadhi ya vijana hawa hawakimbii redio za Kanisa kwa kupenda dunia. Wanakimbia kwa sababu tunawaita wajitoleaji mwaka baada ya mwaka, huku wana kodi ya nyumba na wazazi wanaowategemea. Bwana mwenyewe alifundisha kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Hatuwezi kumfundisha kijana chuoni akatae bahasha, kisha tukamwajiri bila mshahara wa kumwezesha kuikataa.

Basi napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kwa wazazi: msiishie kuuliza kama chuo kina kanisa. Ulizeni kama kimesajiliwa, kina studio inayofanya kazi, walimu walioifanya kazi hii, na muda wa kutosha wa mafunzo kwa vitendo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati kwa waandishi wa habari. Cheti kisichotambuliwa kitakuwa hasara kwenu na kwa mtoto.

Pili, kwa ninyi vijana: chunguzeni nia zenu. Anayetafuta umaarufu tu, kazi hii itampa sifa ya muda mfupi na kumwachia roho tupu. Someni vitabu, jueni Kiswahili sanifu, ijueni historia ya nchi yenu. Sauti nzuri ni karama; kilichomo ndani ya sauti ni kazi yenu.

Tatu, kwetu mapadre, watawa na viongozi wa halmashauri za walei: tuache kuikumbuka Siku ya Upashanaji Habari Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, kwa kupitisha kapu la sadaka tu. Parokia inaweza kumchangia ada kijana mmoja mwenye kipaji asiye na uwezo. Nayo jumuiya ndogondogo inaweza kumwombea mtangazaji wake kama inavyomwombea katekista.

Yohane Mbatizaji alipoulizwa yeye ni nani, alijitambulisha kuwa ni sauti tu. Neno alikuwa mwingine. Na wote wanaokaa mbele ya kipaza sauti wakumbuke kwamba sauti imekopeshwa, na kwamba Mwenyewe ataidai hesabu.

Nawatakia juma jema lenye baraka. Mtakatifu Gabrieli Malaika Mkuu, msimamizi wa watangazaji, utuombee.