Habari Zinazopanda Bila Kushuka

Ndugu zangu wa nyumbani,

Kila usalama unapoyumba huko kwetu Kenya, wimbo ni uleule: wananchi washirikiane na polisi. Uliimbwa mpango wa polisi jamii ulipozinduliwa mwaka 2005, ukarudiwa kwa sauti zaidi baada ya shambulio la kigaidi la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate lililoua watu 67, ndipo Nyumba Kumi ikaazimwa Tanzania, ambako mabalozi wake walikuwapo tangu miaka ya 1960. Mimi sina ugomvi na ushirikiano. Ninachosema ni kwamba tumeezeka kabla ya kusimamisha kuta: raia ametakiwa kutoa habari wakati polisi bado hajatakiwa kutoa maelezo. Na katika mji huu wa Belfast ninakoandikia, watu waliwahi kuyapanga mambo hayo kinyume chake.

Tazameni Nyumba Kumi inavyokwenda. Mzee wa nyumba kumi anamjua mpangaji mpya, anauliza katoka wapi na anafanya kazi gani, kisha jina linakwenda kwa naibu wa chifu, kwa chifu, na kuendelea juu. Habari inapanda. Kinachoshuka ni nini? Mama aliyepigwa huenda kituoni kuomba fomu ya P3 ya kueleza majeraha yake, ambayo ni ya bure, akaambiwa atoe kitu kidogo. Mzee yuleyule anayehojiwa kuhusu mtaa mzima hana pa kumwuliza mkuu wa kituo, OCS, kwa nini wizi wa mwezi uliopita haukuandikwa kwenye daftari la matukio, OB. Mtu anayepeleka habari asijibiwe tunamwita mpasha habari, na hakuna anayependa jirani zake wamwite hivyo. Haya hayakuanza jana. Waingereza walipounda polisi wa makoloni yao, hawakuiga askari wa London wa mwaka 1829 waliotembea bila bunduki. Waliiga kikosi cha Ireland: silaha, kambi, amri kutoka juu, na raia wa kuchungwa. Kwa hiyo kuwaandikia kutoka Belfast kuhusu polisi wa Kenya si kuchepuka. Kikosi chetu na cha hapa vina babu mmoja.

Polisi wa hapa Ireland Kaskazini walioanzishwa mwaka 1922, kwa jina la RUC, walikuwa kwa sehemu kubwa Waprotestanti. Wakatoliki walikuwa takriban asilimia 40 ya wakazi, lakini kikosini hawakuzidi asilimia 8 hivi miaka ya mwisho. Katika miaka 30 ya mapigano, maafisa wapatao 300 wa kikosi hicho waliuawa. Kama kuna polisi waliokuwa na kisingizio cha kusema "tuacheni tufanye kazi, maswali baadaye," ni hao. Baada ya makubaliano ya amani ya 1998, tume ya mageuzi ya polisi iliyoongozwa na Chris Patten ilitoa mapendekezo 175 mwaka 1999, na utekelezaji wake ndio unaonivutia. Novemba 2000 ilifunguliwa ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya polisi, yenye wapelelezi wake yenyewe. Novemba 2001 kikosi kikabadilishwa jina, na kwa miaka kumi kila askari Mkatoliki aliyeajiriwa aliajiriwa pamoja na mmoja asiye Mkatoliki. Ikaundwa bodi ya watu 19, kumi wanasiasa wa vyama hasimu na tisa raia wa kawaida, ambayo mkuu wa polisi hufika mbele yake kuulizwa. Desemba 2001 mkuu wa ile ofisi ya malalamiko, Nuala O'Loan, aliwakosoa vikali viongozi wa polisi kwa jinsi walivyoshughulikia bomu la mjini Omagh lililoua watu 29. Hakufukuzwa. Chama cha Sinn Féin, chenye wafuasi wengi Wakatoliki, hakikupiga kura ya kuwatambua polisi hadi Januari 2007. Yaani miaka sita polisi walijibu maswali, ndipo mkono ukanyooshwa. Kufikia 2011 Wakatoliki walikaribia asilimia 30 ya askari.

Najua mtasema huko ni Ulaya, watu hawafiki milioni mbili na fedha zipo. Ni kweli, na wala polisi wa hapa si malaika; mwaka 2023 waliyaanika kwa bahati mbaya majina ya wafanyakazi wao karibu 10,000. Lakini sisi hatukukosa sheria. Katiba ya 2010 na Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 zina karibu kila kitu kilicho hapa. IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, imekuwapo tangu 2012, imepokea malalamiko kwa maelfu, na maafisa waliotiwa hatiani ni makumi machache tu. Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake, mwendesha bodaboda, na dereva wao wa teksi, walipotoka mahakamani. Kosa la mteja lilikuwa kumshtaki kwa IPOA afisa aliyempiga risasi. Mahakama iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja, mpasha habari wao. Yaani raia aliyepeleka habari *kuhusu* polisi aliuawa, na raia aliyezoea kuwapelekea polisi habari alisaidia kumwua.

Pingamizi lililo zito zaidi linahusu magaidi wa al-Shabaab: mabomu hayasubiri bodi ziundwe. Hapo ndipo naona hoja yangu inapata nguvu. Anayejua mapema kwamba kijana ameanza kubadilika ni mama yake. Mashirika ya haki za binadamu ya Pwani yameorodhesha kwa miaka mingi vijana waliouawa au kupotea baada ya kuchukuliwa na watu wanaoaminika kuwa askari. Mama anayeamini kwamba jina la mwanawe likifika kituoni atamtafuta mochari atanyamaza, hata mhubiriwe uzalendo barazani kila Jumamosi. Kwake, kunyamaza ni ulezi.

Wengine watasema polisi nao wanateseka. Wanateseka; jopo la mageuzi ya polisi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lililoteuliwa Desemba 2022 lilieleza mishahara na makazi yao, na ninaunga mkono waongezewe. Ila askari asiyeulizwa risasi yake ilikwenda wapi hazuiwi na nyumba nzuri kuifyatua.

Uchaguzi wa 2027 unakuja, na wagombea ugavana watawafikia viwanjani wakiwa na kofia na leso. Sheria ya 2011 inampa gavana, au mtu atakayemteua, kiti cha kuongoza mamlaka ya polisi ya kaunti. Waulizeni iliketi lini mara ya mwisho, na ni OCS gani aliitwa mbele yake.

Ndugu yenu,
Belfast