Kiti cha Ndege Si Kiti cha Enzi

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii ya wahenga inawafaa sana wakuu wa mashirika ya ndege wanaoshindana kutangaza viti vipya vya daraja la biashara katika safari ndefu. Kimoja kina mlango wa kufunga, kingine kina kabati la viatu, na kingine kina televisheni pana kuliko zilizomo katika sebule nyingi za mijini. Sina kinyongo na starehe ya mtu. Hata hivyo, naamini kwamba suala hili haliwahusu matajiri peke yao, na kwamba hata raia ambaye hajawahi kupanda ndege ana haki ya kulijadili.

Kwanza tuangalie tulikotoka. Daraja la biashara lilizuka mwishoni mwa miaka ya sabini, pale mashirika ya ndege yalipotaka kuwatenga wafanyabiashara waliolipa nauli kamili na watalii waliolipa nauli nafuu. Kiti cha siku zile kilikuwa kiti kipana tu, chenye kuegemea nyuma kuliko vingine. Abiria alisinzia nusu ameketi, nusu amelala, akafika Ulaya shingo imekakamaa. Mnamo mwaka wa 2000, British Airways ikaleta katika daraja hili kiti kinachonyooka kabisa kikawa kitanda. Mashirika mengi hayakuweza kufanya hivyo papo hapo. Yalitia viti vilivyonyooka, lakini vikainama kuelekea miguuni, na abiria akakesha akiteleza kama mtu aliyelala juu ya paa la nyumba.

Baada ya kitanda kupatikana, likabaki tatizo la njia. Ndege za Boeing 787 za Kenya Airways, zilizoanza kuwasili nchini mwaka wa 2014, zilikuja na viti 30 vya daraja la biashara na 204 vya daraja la kawaida. Vile 30 vilinyooka sawasawa, na hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini vilipangwa jozi jozi, sita katika kila safu, hivi kwamba aliyekaa dirishani hakuweza kutoka bila kupitia kwa jirani yake. Katika safari ya Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa Oktoba 2018 na ambayo huchukua takriban saa 15, hilo si jambo dogo.

Nimewahi kuketi dirishani katika kiti cha namna hiyo, katika ndege ya shirika jingine la mbali, nikajinyima maji usiku kucha ili nisije nikamwamsha mama mtu mzima aliyelala kando yangu. Kumvuka mtu mzima aliyelala ni utovu wa adabu kwetu, na sidhani kuna tangazo litakalotubadilisha.

Kiti kipya kimeondoa aibu hiyo. Katika mpangilio wa sasa, kila safu huwa na viti vinne tu: kimoja kando ya dirisha, viwili katikati, na kimoja kando ya dirisha la pili. Kila abiria huinuka akaingia katika ujia moja kwa moja. Qatar Airways ilizindua vyumba vyake vyenye milango mwaka wa 2017, nayo British Airways ikaanza kufuata mkondo huo mwaka wa 2019. Mwanamke anayesafiri peke yake sasa aweza kulala bila kutazamwa na wageni. Kwa haya mawili, yaani njia na stara, sina budi kukiri kwamba kipya kimekishinda cha zamani.

Lakini je, kila kilichoongezwa kina faida? La hasha. Ili viti vitoshe katika nafasi ile ile, mafundi huisogeza safu ya nyuma mbele, na miguu ya abiria ikaingizwa katika tundu chini ya meza ya aliye mbele yake. Tundu hilo aghalabu ni jembamba, na mtu mrefu hulala kama aliyefungwa kamba za miguu. Fauka ya hayo, viambaza vinavyotenganisha abiria na abiria vinawatenganisha pia mke na mume, mama na mtoto, mzee na kijana aliyetumwa kumsindikiza. Kiti cha jozi kilikuwa na heri yake. Nyanya anayesafiri kwa mara ya kwanza kwenda kumwona mwanawe Marekani hahitaji mlango. Anahitaji mtu wa karibu wa kumfungia mkanda na kumjazia fomu.

Kuna pia gharama zisizoonekana. Mlango, mota na skrini kubwa huongeza uzito, na uzito hula mafuta. Kila kinachosogea huharibika, na kiti kilichoharibika hakiuzwi. Isitoshe, kiti cha ndege hakiundwi kama kochi la sebuleni. Viti vya ndege mpya hupimwa kuona kama vinaweza kuhimili mshtuko wa mara 16 ya nguvu ya uvutano wa dunia, na kadiri muundo unavyokuwa na vikorokoro vingi, ndivyo idhini inavyochelewa. Lufthansa ya Ujerumani, iliyozindua viti vyake vipya mwaka wa 2024, ilijikuta na ndege zilizokamilika lakini zikisubiri viti viidhinishwe. Iwapo shirika kubwa kama hilo lilikwama, shirika dogo la Afrika lenye ndege chache litastahimili vipi?

Hapa ndipo raia wa kawaida anapoingia. Katika mpango wa kulinusuru shirika letu mwaka wa 2017, serikali iligeuza madeni kuwa hisa, na umiliki wake ukafikia asilimia 48.9. Kwa hivyo mkulima wa Kinangop na mvuvi wa Lamu wana sehemu yao katika kila kiti kitakachonunuliwa, ingawa hawatakikalia. Zaidi ya hayo, wengi wanaoketi nyuma ya pazia la mbele hawalipi kutoka mifukoni mwao. Maafisa wa serikali husafiri kwa tiketi zinazolipiwa na kodi. Kiti kikipanda bei kwa sababu ya kabati la viatu, anayelipa ni yule anayekwenda sokoni kwa miguu.

Kuna mwingine ambaye nadra kutajwa katika mjadala huu: mgonjwa. Familia nyingi nchini zimefanya michango ya harambee kumpeleka mpendwa wao India kwa matibabu. Asiyeweza kukaa kabisa hubebwa kwa machela, ambayo hufungwa juu ya viti kadhaa vya daraja la kawaida, na viti vyote hivyo hulipiwa. Kati ya huyo na msafiri mzima kuna wengi wanaoweza kuketi wakati wa kuruka na kutua, lakini waliofanyiwa upasuaji majuzi na wasioweza kukaa wima kwa saa nyingi. Hao ndio wanaokihitaji kitanda kuliko waziri, na hao ndio wasiokimudu.

Basi nini kifanyike? Wakati wa kubadilisha viti utakapofika, shirika letu lichague kiti kinachonyooka kabisa na chenye njia ya kila abiria, kwa maana hayo mawili ni haja. Milango na madoido mengine yaachiwe wenye mafuta ya bei rahisi. Viti vya katikati viwe na kiambaza kinachoshushwa, ili wanaosafiri pamoja wabaki pamoja. Nayo hazina ya taifa iwakatie watumishi wa umma tiketi za daraja la kawaida katika safari fupi za kanda hii. Hatimaye, nafasi ambazo hazijauzwa siku ya safari ziwe na utaratibu wa wazi wa kuwapa wagonjwa wenye barua za madaktari kwa nauli nafuu. Kiti kitupu angani hakimletei mtu senti.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi tuukumbatie mbacha uliochakaa. Nasema tuupime msala kabla ya kuulipia, tujue ni nani atakayeulalia na ni nani atakayeugharimia. Kiti cha ndege si kiti cha enzi. Kazi yake ni kumfikisha mja aendako akiwa mzima, na kwa kazi hiyo hakihitaji mlango.