Jamii haina mwamko? Mwamko wa nani?

Kama kuna maneno yananichosha kwenye semina za lishe mkoani kwetu ni haya: "Jamii bado haina mwamko." Anayasema afisa, anayarudia diwani, wanasaini fomu ya posho, wanaondoka. Watoto wa Kagera wanabaki walivyo.

Makamanda, tuanze na namba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 42 ya watoto wa Kagera wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Ule wa 2022 ukatukuta kwenye 34, nchi ikiwa 30. Tumeshuka, sibishi. Lakini bado ni mtoto mmoja katika kila watatu, tena kwenye mkoa wenye migomba hadi mlangoni, maharage, kahawa na Ziwa Victoria pembeni.

Hapo ndipo watu wa semina wanapopata nguvu: eti chakula kipo, shida ni elimu. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Ndizi inashibisha lakini ina protini kidogo na madini ya chuma kidogo, na tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Ukishalijaza ndizi tupu, kingine kitaingia wapi? Udumavu nao haupigi kelele. Mtoto anacheza, anacheka, ni mfupi tu, na bibi atasema karithi kwa babu yake.

Ila mchukue mama wa Kamachumu au Nshamba. Alfajiri yuko kwenye kibanja, halafu maji, halafu kuni, jioni ndio anapika. Anajua vizuri kwamba dagaa ni wazuri kwa mtoto. Dagaa wananunuliwa kwa pesa, na pesa ya kahawa ikiingia, mara nyingi haipiti mkononi mwake. Huyo naye tumpe kipeperushi kingine cha makundi ya vyakula?

Kuna kipimo cha utayari wa jamii kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani. Kina hatua tisa: ya chini kabisa ni jamii isiyoona kama kuna tatizo, ya juu ni jamii inayoendesha suluhisho yenyewe. Ninachokipendea ni kwamba hakiishii kuuliza wananchi wanajua nini. Kinauliza pia viongozi wanafanya nini na rasilimali ziko wapi. Kwetu, maswali haya mawili yanarukwa kila siku.

Basi tuyaulize. Chini ya Mkataba wa Lishe ambao wakuu wa mikoa wameusaini, halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Elfu moja! Hata hiyo, kuiandika kwenye bajeti hakumaanishi imetoka. Na wanaopenda kutusomea kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya 2009, kwamba mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto chakula, wasifunge kitabu hapo. Wafike kifungu cha 94, kinachozibebesha mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto katika maeneo yao.

Halafu hii habari ya jamii kutokuwa tayari: Machi 2023 Marburg iliibuka Bukoba Vijijini. Watu wakaacha kupeana mikono, ndoo za kunawa zikawekwa, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Wananchi ni walewale. Safari ile viongozi walikuja, pesa ikaja, na taarifa ikatolewa waziwazi.

Najua mtaniambia habari za Novemba 2024, pale chama tawala kilipotangaziwa asilimia 99 ya vijiji. Sawa, basi hana wa kumsingizia. Na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18, hauangalii kadi ya chama, na sheria inataka ufanyike angalau kila miezi mitatu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji nayo inatakiwa kila robo mwaka. Vijana wa Muleba na Bukoba, nendeni mkaulize: mara ya mwisho ilifanyika lini, watoto wangapi walipimwa urefu na sio uzito peke yake, na zile elfu moja za watoto wa kijiji hiki zimenunua nini. Ombeni swali na jibu viandikwe kwenye muhtasari. Mkiambiwa mkutano haupo, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, na msiondoke dirishani bila nakala yenu kugongwa muhuri wa kupokelewa.