Jina la gari ni mtaji, lakini halivuki mpaka peke yake

Mfanyabiashara anayetafuta gari Dar es Salaam, Kampala au Nairobi mara nyingi hutaja jina kabla ya kuuliza bei, na jina lenyewe huwa Toyota. Majina mengine yamekwisha kuwa maneno ya kawaida. Wakenya wengi huita matatu ya abiria 14 "Nissan" hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, na lori la kati huitwa Fuso bila mtu kuangalia nembo yake. Hakuna tangazo la redio linaloshinda hilo.

Sifa hiyo ilijengwa. Mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika tope na vumbi lile lile la magari ya mizigo. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Datsun ikachukua 1970 na 1971, na Toyota ikashinda 1984, 1985 na 1986. Wananchi walijionea wenyewe gari gani linafika.

Hata hivyo, ushindi haukutosha kumlinda kila mshindi. Peugeot 504, iliyowahi kusifika kwa kubeba abiria wa safari ndefu nchini Kenya, sasa ni nadra barabarani. Magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi, bei yake ikawa nafuu, na vipuri vyake vikapatikana hadi miji midogo. Wanunuzi wakafuata vipuri.

Hapo ndipo jina linapogeuka kuwa fedha. Toyota huuzika haraka kwa sababu kila mnunuzi anaamini itauzika haraka. Imani hiyo humfanya muuza vipuri aagize vya Toyota, na fundi ajifunze Toyota, mpaka inakuwa kweli. Anayeongeza bei ili apate Probox au Hiace ana matumaini ya kuirudisha siku ya kuuza.

Sehemu nyingine ya jina ni heshima tu. Land Cruiser kubwa, ambazo Watanzania huziita mashangingi, zimezoeleka kuwa magari ya vigogo. Lakini injini kubwa hunywa mafuta mengi, na mteja wa vitunguu Namanga haongezi bei kwa sababu mzigo umeshuka kwenye shangingi.

Kisha kuna mpaka, ambao hauangalii nembo. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania huyapokea magari ya zamani, lakini hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara na imeweka vizuizi dhidi ya magari ya usukani wa kulia, ambayo ndiyo mengi yanayotoka Japani. Kwa hiyo Toyota IST ya mwaka 2005, inayopata mnunuzi upesi Dar es Salaam, haiwezi kupelekwa Nairobi kuuzwa.

Matangazo ya wauzaji wa mtandaoni hayayasemi hayo kwa herufi kubwa. Bei inayovutia mara nyingi ni ya gari likiwa bado bandarini Japani. Nauli ya meli, bima, ushuru na gharama za bandari hufuata baadaye, na mwenye mtaji mdogo anaweza kukwama gari likiwa limekwisha kufika Mombasa au Dar es Salaam.

Soko la Jumuiya linaitwa moja, lakini kwa magari yaliyotumika bado kila nchi ina kanuni yake. Mpaka zitakapolinganishwa, mfanyabiashara ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kulipia jina: vipuri vyake vinapatikana wapi katika njia anayopita, atamuuzia nani baadaye, na je, nchi ya mnunuzi huyo italipokea gari la umri huo na usukani huo?