Papa wa chumvi: mtoe chumvi kabla hajaingia chunguni

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, ambako barafu ni ya kutafuta, samaki asiyeuzwa mbichi hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa. Huyo ndiye papa au ng'onda anayeuzwa hadi sokoni Kibiti. Ni kitoweo kizuri kinachokaa siku nyingi, lakini mpishi akiwa na haraka, familia nzima inakula chumvi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kasoro kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Mtoto anahitaji pungufu ya hapo. Chumvi ikizidi hupandisha presha, na kwenye nyumba nyingi bibi au babu mwenye presha anakula chungu kimoja na wajukuu.

Mzazi, anza sokoni. Chagua samaki mkavu, mgumu, asiye na utelezi wala ukungu. Madoa mekundu au ya waridi ni dalili ya kuharibika, mwache.

Nyumbani, msafishe mchanga, mkate vipande vidogo, kisha mloweke kwenye maji mengi. Badilisha maji kila baada ya nusu saa, mara 3 au 4. Maji yaleyale yakikaa, hujaa chumvi na hayavuti tena. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya kisima chenye chumvi hayafai kulowekea. Tumia maji baridi ya mvua au ya bomba. Kama huna friji, usimloweke usiku kucha, maana kwenye joto la pwani akishalainika huharibika upesi.

Baada ya hapo mchemshe dakika 10 hadi 15, umwage maji hayo. Menya ngozi, toa miiba, kisha onja kipande kidogo. Bado kikali? Mchemshe tena kwa maji mapya.

Sasa kaanga kitunguu na nyanya, weka samaki, bamia au bilinganya, tia tui jepesi, na mwishoni tui zito. Kamulia ndimu. Usiongeze chumvi, wala vidonge vya mchuzi, kwa kuwa navyo vina chumvi. Wali au ugali wa kulia nao upikwe bila chumvi.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kitoweo hiki wala mchuzi wake, hata kama mkubwa anauona umepoa chumvi. Mpikie pembeni samaki mbichi, umchambue miiba vizuri na umponde na viazi au wali laini, bila chumvi. Atakula bila kulalamika: ulimi wake bado haujazoea chumvi, na ladha anayofundishwa sasa ndiyo atakayoitafuta akikua.