Saa Kumi na Moja Bado ni Saa ya Kazi



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, familia nyingi huleta nia za shukrani katika Misa. Tunafurahi pamoja nazo. Lakini wapo wasioletewa nia yoyote: binti aliyeacha masomo kwa ujauzito, kijana aliyepata sifuri, mama aliyeishia darasa la saba kwa kukosa karo. Katika jumuiya zetu hutajwa kama watu ambao elimu imekwisha kuwapita. Kwa maoni yetu, usemi huo si wa kweli, wala si wa Kikristo.

Si wa kweli, kwa sababu hapa Tanzania cheti cha kidato cha nne hakina mlango mmoja. Aliyefanya mtihani akashindwa anaweza kuurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyemaliza elimu ya msingi lakini hakupata sekondari, au aliiacha mapema, anaweza kuanza na Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT. Akifaulu, hujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, huwafundisha watu wa namna hiyo. Tena, Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo mabinti waliojifungua, wanaweza kurejea katika shule za kawaida.

Wala si wa Kikristo. Mwenye shamba la mizabibu aliwaajiri vibarua alfajiri, akaendelea kuwaita hadi saa kumi na moja jioni, na wote wakapokea dinari ileile. Hata Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijifunza Kilatini huko Barcelona akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, akiketi pamoja na watoto. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba kila mtu ana haki ya kuelimishwa.

Wazazi wengine huhofu kwamba tukizisifu njia hizi, watoto watalegea shuleni. Tunaielewa hofu hiyo, lakini anayeijua njia hii hawezi kuiita ya mkato. Mwanafunzi wa shule huingia katika mtihani akiwa na alama za maendeleo yake ya darasani; wa kujitegemea hana akiba hiyo, hutegemea mtihani peke yake. Husoma usiku baada ya genge kufungwa na mtoto kulala. Vibarua wa jioni nao walishika jembe. Hakuna aliyelipwa kwa kukaa sokoni.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kulipa ada, hakikisheni kwamba kituo kinatambuliwa na Baraza la Mitihani, na mtahiniwa apewe namba yake ya usajili. Masikini akidhulumiwa fedha na mwaka mzima, mara nyingi harudi tena. Pili, tusimlazimishe kila mmoja kurudia mtihani. Mwenye kipaji cha mikono aelekezwe VETA au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na asionekane amepewa makombo. Tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo imtafute mtu mmoja wa namna hii na kumuuliza anakwamishwa na nini. Pengine ni ada ya mtihani. Pengine ni mtu wa kumshikia mtoto jioni mbili kwa juma, kazi ambayo akina mama wa WAWATA wanaiweza bila harambee yoyote.

Na siku atakapofaulu, aletewe nia ya shukrani kama wengine, na jina lake lisomwe kwa sauti ileile.

Mungu awabariki. Tumsifu Yesu Kristo!