Shaka ya kijana haizimwi kwa karipio

Ndugu Waislamu, katika nyumba zetu nyingi kijana anayeuliza, "Tunajuaje kwamba Mungu yupo?" hujibiwa kwa karipio. Yeye hunyamaza, lakini swali lake halinyamazi. Ijumaa hii tumtazame mwanachuoni mkubwa ambaye shaka ilimfika yeye mwenyewe, naye hakuificha.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1058, akafariki mwaka 1111. Katika kitabu chake *al-Munqidh min al-Dhalal*, yaani Mwokozi kutoka Upotevuni, anaeleza kuwa aliyachunguza macho akayaona yanadanganya: nyota huonekana ndogo mfano wa dinari, ilhali hisabati yathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akakimbilia akili. Hapo akajiuliza: ikiwa akili ndiyo iliyoyakadhibisha macho, je, hakuna hakimu mwingine juu yake awezaye kuikadhibisha nayo? Kwa takriban miezi miwili hakupata dawa, kwani kila hoja ya kuitetea akili hutoka kwenye akili hiyo hiyo. Alipona, asema, kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Ndipo akarejea kuziamini kanuni za msingi za akili.

Hapa pana mazingatio. Anayeifanya akili kuwa hakimu wa mwisho wa kila jambo huweza kuishia shakani, kwa kuwa akili haijitolei ushahidi. Hata hivyo, al-Ghazali hakuitupa. Aliwakosoa wanafalsafa, lakini akaonya kuwa mwenye kudhani kwamba Uislamu hunusuriwa kwa kuikanusha hisabati huidhuru dini. Wala hakuelekea upande wa pili, wa kuona kuwa Mungu na mja ni kitu kimoja. Waliodai kuungana naye hivyo alisema wamekosea. Tauhidi ni kumpwekesha Muumba, si kumchanganya na viumbe vyake.

Basi wazazi wenzetu, tusiharakishe kuliita swali la mtoto kuwa ni ukafiri. Asiyejibiwa nyumbani hujibiwa na intaneti. Tumketishe, tumsikilize, tumweleze akili hufika wapi na husimama wapi. Tusilolijua tuseme hatulijui, kisha twende naye kwa mwenye elimu.

Tunamwomba Allah azitie nuru nyoyo zetu na za watoto wetu. Amin.